Nifunge breki za miguu upande wa kulia wa Cherokee yangu ya zamani?

*"Fundi, salamu. Nina Piper Cherokee 140 ya mwaka 1967, naiegesha Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Upande wa kushoto una pedali za breki, lakini upande wa kulia pedali ni za usukani wa mkia tu. Mke wangu ameanza masomo ya urubani kwenye ndege hiyo hiyo, na mwalimu wake anasema hana raha kukaa kulia bila breki miguuni. Jamaa mmoja ana pedali na masta silinda mbili alizofungua kwenye Cherokee iliyokatwa vipande, na bei yake ni nafuu. Mimi ni mzoefu wa magari, breki nimefunga nyingi. Nikizifunga wikendi hii kuna ubaya? Breki zitaongezeka nguvu zikiwa seti mbili? Na kuna aliyeniambia kwamba hata mafuta ya breki ya gari yanafaa. Ni kweli?"*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na ninachokisikia ndani yake ni hofu ya kawaida ya mtu anayempenda mkewe: kwamba siku moja atakosea akiwa anaikimbiza ndege ardhini, na aliyeketi kando yake hatakuwa na la kufanya. Nitaanza na majibu mafupi ili usije ukashika spana kabla hujamaliza kusoma. Mafuta ya breki ya gari, hapana, hata tone moja. Nguvu ya breki haiongezeki kwa kuongeza seti ya pili. Wikendi haitoshi, na si kazi ya mwenye ndege kuifanya peke yake. Lakini breki za kulia zenyewe zinafungika, na kiwanda cha Piper kiliziuza kama nyongeza ya hiari kwa aliyetaka. Kwa hiyo hukuuliza jambo la ajabu.

Tuanze na dhana kwamba kiti cha kulia hakina breki. Kinayo. Ingia ndani ya ndege yako uketi kulia, kisha nyoosha mkono wa kushoto chini ya dashibodi, katikati. Utaushika mkono wa breki, ule unaouvuta kuja kwako na unaoufunga unapoegesha. Huo ulikuwa breki kamili ya Cherokee kabla ya pedali kuwa jambo la kawaida. Piper walipoitoa 140 mwaka 1964 waliilenga kuwa ndege ya mafunzo, na nyingi za mwanzo ziliondoka kiwandani Vero Beach, Florida, zikiwa na mkono huo peke yake. Wanafunzi wengi sana duniani wamejifunza hivyo, mwalimu akiwa kulia na kiganja chake kikiwa karibu na ule mkono.

Ila mwalimu wa mkeo naye ana hoja, na ningependa umsikilize. Mkono wa breki hushika magurudumu yote mawili kwa pamoja. Hauwezi kushika la kulia na kuliacha la kushoto. Ndege ikianza kupinda kuelekea pembeni mwa njia ya kurukia, mwalimu anaweza kuipunguza mwendo kwa mkono, lakini hawezi kuinyoosha kwa breki ya upande mmoja. Tena kiganja kile kile anachovutia breki ndicho anachokihitaji kwenye throtoli, kidhibiti cha nguvu ya injini. Kwa mwalimu aliyezoea ndege za Cessna, ambako pedali za kulia zina breki sawasawa na za kushoto, kukaa ndani ya Cherokee yako ni kama kupanda gari la mafunzo na kukuta pedali ya mwalimu imeng'olewa.

Hapa wengi huteleza, maana wameona Cessna na wanadhani ndege zote ni hivyo. Katika Cessna ndogo, pedali za kulia zimeunganishwa na za kushoto kwa vyuma. Masta silinda, yaani pampu ndogo zinazosukuma mafuta ya breki, ni mbili tu, zote upande wa rubani. Mwalimu akikanyaga kulia, vyuma vinazunguka na kuzibana masta zile zile za kushoto, kwa hiyo miguu ya watu wawili inafanya kazi kwenye pistoni moja. Cherokee haiko hivyo. Kila pedali yenye breki ina masta silinda yake. Ukiongeza breki za kulia unaongeza masta mbili mpya, na mkono wa breki nao una ya kwake. Jumla ni masta tano zinazokunywa kikopo kimoja cha mafuta, kile kilichofungwa mbele ya ukuta wa kuzuia moto, upande wa injini.

Sasa masta hizo huungwa vipi? Kwa kawaida huungwa kwa mfululizo. Mafuta hutoka kikopo, hupita masta ya mkono, hupita masta ya mguu wa kulia, kisha ya mguu wa kushoto, ndipo yanashuka hadi kwenye gurudumu. Mchoro wa ndege yako, kwa namba yake ya kiwandani, ndio utakaosema mpangilio wenyewe, kwa sababu Piper walibadilisha mambo mara kadhaa katika miaka ile. Lakini kanuni ni moja, na ningeomba uielewe vizuri kwa sababu ndiyo inayojibu maswali yako karibu yote.

Ndani ya kila masta kuna tundu dogo. Mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, pistoni hurudi nyuma kabisa na tundu hubaki wazi, hivyo mafuta yanapita huru kwenda na kurudi kikoponi. Ukianza kukanyaga, milimita chache za mwanzo hazifungi breki bado. Kazi yake ni kuliziba lile tundu. Likishazibwa, mafuta yaliyo mbele ya pistoni hayana pa kukimbilia isipokuwa kwenye gurudumu, na hapo shinikizo linapanda. Ukitaka kuliona hili kwa macho, chukua sindano mbili za dawa zisizo na ncha, zijaze maji, ziunge kwa kipande cha mpira mwembamba, kisha sukuma moja. Nyingine inasukumwa nje mara moja. Toboa katundu kwenye mpira katikati, utaona maji yakiruka na sindano ya pili haitikisiki. Breki nzima ya ndege yako inategemea katundu ka namna hiyo kufunguka na kuzibika kwa wakati wake.

Kutokana na hayo utaona kwa nini breki hazijumlishwi. Shinikizo linatokana na nguvu ya mguu ikigawanywa kwa eneo la pistoni unayoikanyaga. Masta ya pili iliyolala haichangii chochote, inapitisha mafuta tu. Kama breki zako za kushoto ni legevu leo, ukifunga za kulia utakuwa na breki legevu mbili.

Na lipo jambo jingine ambalo waalimu wengi hawaambiwi. Kama masta ya kushoto ndiyo iliyo karibu zaidi na gurudumu, mwanafunzi akiegemeza vidole juu ya pedali kidogo tu, tundu la masta yake linazibika. Mwalimu akikanyaga upande wake anakuta pedali imekuwa ngumu kama jiwe, na nguvu yake haifiki gurudumuni jinsi anavyotarajia. Vilevile, mwanafunzi akishikwa na hofu akakandamiza breki ya upande mmoja, breki za mwalimu haziwezi kumwondoa mguu. Breki huongeza mshiko, hazina namna ya kuupunguza. Kwa hiyo breki za kulia humsaidia mwalimu katika hali moja: pale mwanafunzi hajakanyaga kabisa. Hiyo ni hali ya kweli na hutokea mara nyingi, mwanafunzi akiganda huku ndege inaelekea kwenye ua. Lakini si kinga ya kila kosa, na mwalimu anayezitegemea kana kwamba ni za Cessna atashtuka siku mbaya.

Niseme sasa habari ya zile spea za jamaa yako. Sisemi kwamba ni mbovu. Nasema hujui, na yeye pia hajui. Pedali za Cherokee hukaa kwenye bomba mlalo chini ya dashibodi, na bomba hilo hilo ndilo linalovuta nyaya za usukani wa mkia na kugeuza gurudumu la pua. Ndege ikigonga kitu au ikitua kwa pua, bomba hilo na mashikio yake hupata msukosuko mkubwa. Ufa mwembamba kwenye weldi hauonekani chini ya rangi ya zamani. Ndege iliyokatwa vipande ilikatwa kwa sababu fulani, na kabla ya kuuliza bei ungeuliza sababu hiyo kwanza.

Halafu kuna karatasi. Spea ya ndege isiyo na hati ya kuithibitisha, kama vile 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya Ulaya, kwa mkaguzi ni chuma chakavu hata ikiwa inang'aa. Hati hiyo inaweza kupatikana baadaye iwapo karakana yenye idhini itaifungua spea, kuikagua, kubadilisha mipira yake na kuitia saini. Gharama ya kufanya hivyo mara nyingi huumeza ule unafuu uliokuvutia. Kabla hujalipa, piga namba za spea zile picha na umpe fundi wako azilinganishe na katalogi ya Piper kwa namba ya kiwandani ya ndege yako. Pedali isiyo na breki na pedali yenye breki ni vitu viwili tofauti: ile yenye breki sehemu yake ya juu inazunguka kwenye pini, na ina shikio la kushika ncha ya masta. Na tafadhali usishawishike kuchongesha shikio hilo kwa fundi wa jua kali. Mafundi wa Kariobangi ni hodari, nimeona kazi zao na nawaheshimu. Tatizo ni aina ya chuma, unene wake na namna kilivyopikwa, mambo ambayo jicho haliwezi kuyapima na ambayo hakuna atakayeyatilia saini.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Huko ni kuibadilisha ndege, na kwa ndege iliyosajiliwa Kenya mabadiliko hufanywa kwa michoro na maelekezo yaliyokubaliwa, kupitia karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na huandikwa kwenye vitabu vya ndege. Ukitumia vifaa vya Piper vyenyewe kwa mchoro wa Piper, njia ni nyepesi. Ukibuni lako, hata likiwa zuri, njia ni ndefu na mara nyingi haifiki mwisho. Mjulishe na mwenye bima wako kabla, kwa maandishi.

Uzoefu wako wa magari ni mali, sitaki uudharau. Fundi wako atafurahi ukimsaidia kufungua viti, kapeti na vifuniko, na utajifunza mengi ukiwa pale. Lakini kuna mambo ambayo gari halikufundishi, na la kwanza ni kwamba katika gari breki ni breki na usukani ni usukani. Katika ndege yako vimebebana. Kosa dogo la breki linaweza kuukamata usukani wa mkia ukiwa angani.

Kuna Cherokee iliyoletwa kwangu miaka iliyopita, ikiwa imefungwa breki za kulia kwingine, na mwenyewe akilalamika kwamba kapeti ya kulia inanuka mafuta. Nikalala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, miguu juu ya mgongo wa kiti, tochi mdomoni. Sikuona kitu. Masta kavu, viungo vikavu. Nikamwomba kijana wangu aketi kushoto akanyage usukani wa mkia wa kushoto mpaka mwisho, kisha, huku ameushikilia hapo, mwingine abane breki ya kulia kwa mkono. Ndipo nikaiona. Hosi ya masta ya kulia ilikuwa fupi kwa kama upana wa kidole. Pedali ikiwa katikati ilining'inia vizuri. Pedali ikienda mwisho wake, hosi ilikazwa kama uzi wa gitaa, na kwenye shingo ya kiungo likachomoza tone moja jekundu, likajaa polepole, likadondoka shavuni mwangu. Hosi hiyo ilikuwa pia inaipunguzia pedali mwendo wake wa mwisho. Ndege ilikuwa ikirushwa hivyo kwa wiki kadhaa. Ukihitaji usukani wote wakati wa upepo wa ubavuni, na hosi ikakunyima sehemu ya mwisho, hutakuwa na muda wa kujiuliza kwa nini.

Tangu siku ile sitii saini kazi ya pedali mpaka nimezijaribu kila namna: usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, na katika kila mwisho breki ya kushoto, ya kulia, zote mbili, kutoka kiti hiki na kiti kile, huku mtu akitazama kwa tochi na mwingine amesimama nje akiutazama mkia. Natazama kila pini kwamba spliti pini yake ipo na imekunjwa. Natazama kwamba hakuna hosi inayogusa bomba, waya au paipu ya hewa ya joto. Mwombe fundi wako afanye hivyo ukiwepo, na usione haya kumwomba arudie.

Jambo la pili ambalo gari halikufundishi ni mafuta. Mafuta ya kawaida ya breki za gari, ya viwango vya DOT 3 na DOT 4, yametengenezwa kwa kemikali za glaikoli, na mipira ya breki za gari imetengenezwa iyavumilie. Ndege yako inatumia mafuta mekundu ya madini, MIL-H-5606, na mipira yake ni ya aina nyingine. Ukitia ya gari, oringi, yaani pete za mpira, zinavimba na kulainika, pistoni inakwama, na hutalijua hilo siku hiyo hiyo. Breki zitafanya kazi vizuri kwa muda, kisha moja itagoma kuachia. Hakuna kusafisha kwa kumimina na kujaza upya. Kila mpira kuanzia kikopo hadi kalipa, kile kifaa kinachobana diski gurudumuni, unatolewa na kubadilishwa. Kama aliyekushauri alishawahi kuongeza mafuta kwenye ndege yako, niambie mapema, na usiirushe. Yapo mafuta mapya zaidi, MIL-PRF-83282, ambayo nayo ni mekundu, yanakubaliana na mipira ile ile na hayashiki moto upesi kama 5606. Ukiyataka, zungumza na fundi wako yaingie kwa utaratibu.

Tukirudi kwenye lile tundu ndani ya masta: likikosa kufunguka kabisa kwa sababu urefu wa fimbo ya pistoni ulirekebishwa vibaya, au kwa sababu mtu anaegemeza mguu, mafuta yaliyo upande wa gurudumu yanafungiwa. Diski inasugua kidogo, inapata joto, mafuta yanatanuka, na kwa kuwa hayana njia ya kurudi kikoponi yanazidi kubana pedi, joto linaongezeka tena. Mwisho wake ni moshi, na mafuta yakivuja kwenye diski iliyoiva, moto. Kila masta unayoiongeza ni tundu jingine linaloweza kuleta hilo. Ndiyo maana baada ya kufunga, mkono wa breki ukiwa umeachiwa, nainua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa kidole, kisha nakanyaga na kuachia kila pedali moja moja, nazungusha tena. Lazima liwe huru kila mara.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki, nako ni tofauti. Kwenye gari umezoea mtu kukanyaga na mwingine kufungua chini. Kwenye Cherokee yenye masta tano na paipu zinazopanda na kushuka, njia hiyo huacha mapovu yamejificha upande wa kulia, na pedali za kulia zinabaki laini kama sifongo huku za kushoto ziko sawa. Mafuta husukumwa kutoka chini: unaunga pampu ya mkono kwenye skrubu ya kutolea upepo ya kalipa, unasukuma taratibu kuelekea juu, na mapovu yanafuata tabia yake ya kupanda mpaka yatoke kikoponi. Pedali zote ziwe zimeachiwa kabisa, na mkono wa breki pia, la sivyo lile tundu litakuwa limezibwa na unasukuma ukuta. Weka mtu kwenye kikopo asije kikafurika juu ya injini.

Sasa ushauri wangu wenyewe, ambao huenda si uliokuwa ukiutarajia. Kabla ya kununua chochote, pima breki ulizo nazo. Nimekutana na wenye ndege waliotaka breki za kulia, na tulipochunguza tukakuta mwalimu alikuwa na wasiwasi kwa sababu za kushoto zilikuwa zimechoka. Pedi za kawaida za kampuni ya Cleveland hubadilishwa zikifika unene wa inchi 0.100, yaani takriban milimita 2.5. Diski nayo ina unene wake wa chini uliowekwa na kiwanda. Hosi za mpira zilizo ngumu na zenye nyufa hazisubiri. Na kama pedi zilibadilishwa karibuni, uliza kama zilizoeshwa: kwa pedi hizi za kawaida unatembeza ndege kama futi 1,500, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, ukishikilia kwa breki ili mwendo ubaki maili 5 hadi 10 kwa saa, halafu unaziacha zipoe dakika 10 hadi 15. Pedi ambayo haikupitia hapo hushika vibaya hata ikiwa mpya.

Kwa ndege inayokaa Wilson jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa ile iliyoko Mombasa. Uwanja uko takriban futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa kipimo kile kile cha mwendo kwenye dashibodi ndege inakimbia ardhini kwa kasi zaidi. Mchana wa joto, pale ambapo Mombasa ungegusa ardhi kwa kilomita 100 kwa saa, Nairobi utagusa kwa karibu 110 kama hakuna upepo. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo diski zako zinabeba karibu moja ya tano zaidi kila unapotua.

Baada ya kuzirekebisha za sasa, mweke mwalimu kulia na umwombe afanye masomo mawili matatu akitumia mkono wa breki, wakitembeza ndege kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na mkeo akijifunza kuweka visigino sakafuni na vidole chini, sehemu ya pedali isiyo na breki, hasa wakati wa kutua. Mwalimu akisema sasa ana raha, umeokoa fedha nyingi. Akisema bado, msikilize, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa pale, na hapo funga breki za kulia kwa vifaa vya Piper, kwa fundi mwenye leseni. Kilo chache zitakazoongezeka zipimwe na karatasi ya uzito na mizani ya ndege irekebishwe. Najua Cherokee 140 mchana wa Nairobi haina ziada ya kugawa, kwa hiyo ziandikwe hata kama ni kidogo.

Fikiria pia miaka ya mbele. Mkeo akishapata leseni, kiti cha kulia kitakaliwa na nani? Kama ni watoto au wageni, pedali zenye breki mbele yao ni miguu mingine inayoweza kuzikanyaga kwa bahati mbaya wakati ndege inagusa ardhi, na tairi likafungwa. Kama ni mwalimu na wanafunzi siku zote, basi fedha yako itakuwa imekwenda mahali pake. Mimi, kwa ndege ya familia, ningebaki na mkono wa breki uliofanyiwa ukarabati mzuri. Kwa ndege ya mafunzo ningefunga za kulia bila kusita.

Kuna dalili ambazo zikitokea usiniandikie kwanza, mwite fundi aje kwenye ndege na usiirushe: pedali inayozama polepole ukiikanyaga kwa nguvu ile ile; tone jekundu sakafuni au kwenye tairi; ndege inayovuta upande mmoja wakati hujakanyaga; gurudumu ambalo huwezi kuliwekea mkono kwa joto baada ya kutembea ardhini kidogo tu; na, zaidi ya zote, usukani wa mkia unaokwama au kukwaruza popote katika mwendo wake.

Ukishapima, niandikie mambo matatu: unene wa pedi kwa kila gurudumu, namba ya kiwandani ya ndege, na kama kikopo cha breki kimeongezwa mafuta mwaka huu na mafuta gani. Na mwambie yule jamaa akuwekee spea zake wiki mbili bila kupokea arbuni yako.